Daktari wa Fulana

Ukitaka kijiji kizima kikupigie hesabu ya mshahara, fanya kazi isiyo na mshahara. Hapa Simbo, Kigoma, mwalimu analipwa, mtendaji analipwa, nesi analipwa, na hakuna anayewauliza kitu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wa kujitolea, na mapato yangu yanajadiliwa kwenye vijiwe vya kahawa kuanzia pale barabara ya Ilagala inapochepuka mpaka Ujiji mjini. Mmoja anasema napokea laki tatu. Mwenzake anasema ni dola, ila zinaingia kwenye simu ya mama watoto ili nisishtukiwe. Juzi mzee mmoja ninayemheshimu alinivuta pembeni, akaniomba nimkopeshe hela ya dumu la mawese. Nilipomwambia sina, akaguna. "Haya, baba. Nyie watu wa miradi mna roho ngumu."

Natamani sana kukutana na huyo anayepokea laki tatu zangu. Nina maswali naye.

Na wala sikugombea. Mkutano wa kitongoji ulikuwa na ajenda tatu, hii ikachomekwa kwenye mengineyo, wakati watu wameshasimama wanakung'uta vumbi waondoke. Mwenyekiti akasema anatakiwa mtu anayejua kusoma na kuandika, mwenye moyo, na asiye na kazi. Shingo zote zikanigeukia. Nina shamba la michikichi, nina mihogo, nina mbuzi wanaoniletea kesi na majirani kila wiki, lakini kumbe hiyo siyo kazi. Nikafungua mdomo nipinge, makofi yakanizima. Makofi yale ndiyo yalikuwa malipo ya awamu ya kwanza. Awamu ya pili inashughulikiwa.

Tukaitwa semina. Tukafundishwa dalili za hatari kwa mama mjamzito, kuhara, malaria, kifua kikuu, lishe, usafi, na jinsi ya kujaza fomu za hayo yote. Fomu zilikuwa nyingi kuliko magonjwa. Tulirudi na begi, daftari, fulana, na utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano. Utepe ule una rangi tatu. Mtoto aliyetimiza miezi sita, mkono wake ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, apelekwe kituoni bila kuchelewa. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano, afuatiliwe. Ukizidi hapo ni kijani, mshukuruni Mungu. Ambacho hatukuambiwa semina ni kwamba akina mama wangeuona utepe kuwa ni mgao.

"Mbona wa jirani umempa kijani, wangu umempa njano?"

"Mama, sigawi mimi. Ni mkono wenyewe unaosema."

"Sema tu. Mwaka jana nilikataa kukuuzia jogoo, ndiyo unanilipizia kwa mtoto."

Mwingine aliniomba niulegeze kidogo, afike kijani hata kwa siku mbili tu, mama mkwe yuko njiani anakuja.

Nirudi kwenye fulana, maana hapo ndipo penye utajiri wangu wote. Kila mradi unaoingia kijijini huleta mambo mawili, fomu mpya na fulana mpya. Mradi hufungwa, fomu hukusanywa, fulana hubaki. Ninayo ya kifua kikuu ya kulimia, ya chanjo ya kulalia, na moja ya "Malaria Haikubaliki", ile kampeni iliyozinduliwa mwaka 2010 kwa wanamuziki na rais mwenyewe, ambayo sasa imekonda kiasi kwamba mbu anaweza kuisoma akiwa upande wa pili. Mama watoto anavaa ya unyonyeshaji. Na kwa kuwa hakuna kinachotupwa nyumbani kwetu, ya uzazi wa mpango imemwangukia mtoto wetu wa sita. Inamfika magotini. Anatumwa nayo dukani, na kijiwe kizima kinasimamisha mazungumzo kumsoma.

Kazi yenyewe nzito ni vyoo. Mpende msipende, nitazungumzia vyoo, kwa sababu nimevipigia magoti kuliko mtu yeyote katika kata hii. Ni kazi ya urithi. Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipotangazwa redioni, marehemu baba alikuwa mmoja wa watu wapatao milioni mbili nchi nzima waliokaa kwenye vikundi kusikiliza vipindi, kujadiliana, kisha kuinuka na majembe. Walichimba, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Walifanya bure na hawakunung'unika, au kama walinung'unika hawakupewa safu ya kuandikia. Karibu miaka 45 baadaye ikaja "Nyumba ni Choo", safari hii na msanii Mrisho Mpoto akihamasisha kwa sauti ile yake inayomfanya mtu ajisikie mkosaji hata akiwa na choo. Na leo nipo mimi, mtoto wa mchimbaji, na daftari lenye safu za kuweka tiki: choo kipo, kina mlango, kina mfuniko, kina kibuyu chirizi cha kunawia mikono.

Kibuyu chirizi ni kidumu kidogo chenye tundu, kinachoning'inizwa mtini, ukikanyaga kijiti kinainama na maji yanachirizika. Hakihitaji fundi wala fedha. Lakini watu wakiniona nakata kona na daftari, mtoto hutumwa mbio kwa jirani kuazima. Nimekitia tiki kidumu kimoja nyumba baada ya nyumba asubuhi moja; nakijua kwa ufa wake na kwa maandishi ya mafuta ya kupikia yaliyofutika nusu. Tulifika mahali tukawa tunasindikizana, mimi nikipita mbele na kidumu kikipita uani. Nyumba ya mwisho kilinitangulia. Nilikikuta kimeshaning'inia, kinachuruzika jasho.

Ama choo bora kuliko vyote kitongojini, kina ukuta wa tofali za kuchoma, bati jipya, mlango wa mninga na kufuli kubwa. Nilimsifu mwenye nyumba mbele ya watu, nikaomba nikione ndani ili nijaze fomu. Akasita. Mke wake akacheka. Ndani mlikuwa na madumu ya mawese yaliyopangwa hadi darini, yanasubiri bei ipande. Familia bado inatumia kile cha zamani cha makuti. "Sasa daktari," akaniambia mwenye nyumba, "kati ya hivi viwili, kipi kinaibiwa?" Sikuwa na safu ya jibu hilo kwenye daftari.

Niseme hapa kwamba watu wa Simbo siyo wakaidi. Ni watu wa mchikichi, na mchikichi hufundisha hesabu. Kila kitu kwenye mti ule kina kazi: nyama ya tunda inatoa mawese, kokwa inatoa mafuta ya mise ya kutengenezea sabuni, makuti yanaezeka, makapi yanawasha moto. Mtu aliyelelewa hivyo ukimpa chandarua, hawezi kuona chandarua tu. Anaona uzio wa kitalu cha miche, anaona banda la vifaranga, anaona wavu wa goli kwa vijana. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alipokuja Kigoma mwaka 2018 kulivalia njuga zao la michikichi, vitalu vimeongezeka, na nina hakika miche yetu ndiyo isiyougua malaria kuliko miche yote ya Afrika Mashariki. Nikiuliza, naambiwa chandarua kimefuliwa, kinakauka. Kinakauka tangu masika.

Mwezi Agosti 2022 ndipo nilipoumia moyo. Sensa. Karani alifika kitongojini na kizibao, kitambulisho na kishikwambi, na kazi yake ilikuwa na malipo. Akaja moja kwa moja kwangu. "Kaka, ile nyumba ya pembeni wanaishi wangapi? Na ile iliyofungwa?" Nikamfungulia daftari langu la mistari. Kaya zote zipo, wajawazito wapo, wenye ulemavu wapo, watoto wachanga wapo kwa tarehe. Tukazunguka wote, yeye akibonyeza na mimi nikimfukuzia mbwa. Matokeo yalipotangazwa kwamba Tanzania tuko watu 61,741,120, nilikaa nikaitazama ile namba kwa uchungu wa mwenye mali. Humo ndani kuna kitongoji kizima nilichokihesabu kabla ya serikali, na nitakachokihesabu tena robo mwaka ijayo, bila hata soda. Vishikwambi baadaye vikagawiwa kwa walimu. Daftari langu limeishiwa kurasa, na nimeanza kuandika kwenye jalada.

Mwaka uliofuata ikaja polio. Kirusi kilikuwa kimeonekana Rukwa, kwa hiyo Septemba 2023 mikoa sita ya huku pembezoni, Kigoma ikiwemo, ikaambiwa kila mtoto wa chini ya miaka minane apate matone. Nyumba kwa nyumba. Mtoto akishapewa, anawekewa wino kwenye kidole kidogo ili asirudiwe. Hapo nikajifunza kwamba umri ni kitu kinachonyumbulika. Mtoto yuleyule ambaye shule walimwandikisha kwa miaka saba, kwangu alikuwa na tisa, na mama yake akaapa kwa majina ya marehemu. Vijana wengine walinitangulia na kalamu ya mwalimu, wakajipaka wenyewe kidole, bahati mbaya cha mkono usiotakiwa. Baba mmoja akanizuia uwanjani, akasema chanjo imeletwa kupunguza watu. Ana watoto tisa nyuma yake, wamejipanga kwa urefu, na aliyekuwa amebebwa mgongoni akanicheka. Sikubishana. Niliomba kiti nikakaa, tukazungumza bei ya mihogo, tukazungumza mvua, na jua lilipokaribia kuzama akasema haya, leta hayo matone yako twende tukalale. Muda ule wote nao haupo kwenye fomu.

Lishe sasa. Nina bango lenye picha za makundi ya vyakula, na kwenye picha ya protini kuna samaki mnene mwenye afya kunizidi. Mwaka 2024, nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zilikuwa zimekubaliana ziwa lipumzike, na upande wetu likafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Uamuzi wa busara, samaki wazaliane, sina neno. Ila hakuna aliyemwambia samaki wa kwenye bango langu. Miezi ile dagaa ilipanda bei mpaka ikawa inapimwa kwa macho, mgebuka ukawa hadithi ya kuwasimulia watoto, na mimi kila kliniki nasimama mbele ya akina mama nikisema, "Mtoto ale samaki." Bibi mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono kwa adabu zote. "Daktari, huyo wa kwenye karatasi, tumchemshe au tumkaange?" Somo liliishia hapo. Kwa miezi ile tulipitisha maharage kwa mawese, na kisamvu kwa mawese, na nikafundisha hivyo kwa mdomo wangu huku samaki akinitazama kutoka ukutani.

Usiku ni mali ya wajawazito. Kuna namba 115 ya dharura kwa ajili ya mama na mtoto mchanga, haina malipo, unapiga inatafutwa gari. Ni jambo zuri sana na nimelihubiri kila nyumba. Nilichotegemea ni kwamba watapiga. Wanachofanya ni kuja kunigongea dirisha ili nipige mimi, kwa maelezo kwamba "wewe wanakujua". Saa nane ya usiku, mvua inanyesha, mume wa mjamzito amesimama nje na simu yenye chaji kamili mkononi. Napiga. Kisha nasimama barabarani na tochi kuonyesha njia, na fulana ya chanjo ya kulalia imelowa. Asubuhi mtoto amezaliwa salama, anapewa jina la dereva.

Sasa wamo wenzangu wa kujitolea kutoka nje. Kijana mmoja wa Ulaya alikaa kijiji cha jirani wiki chache, mpole, mwenye kofia pana, aliyejifunza salamu yetu ya asubuhi, "Mwakeye", na kuitoa asubuhi, mchana na saa mbili usiku. Nikampenda. Tukala naye ugali wa muhogo, mawese yakamdondokea kwenye shati jeupe, na nikamwambia ukweli kwamba shati lile sasa ni la Kigoma, asihangaike kulifua. Katika mazungumzo nikamuuliza, mtu mzima kwa mtu mzima, yeye wanampa ngapi. Akasema hapewi, yeye ndiye aliyelipa ili aje kujitolea. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama watoto. Akaacha kumenya muhogo. "Usithubutu kumwambia mwenyekiti," akasema. "Atatuletea bili."

Wapo waliofanya kwa utaratibu zaidi. Wamarekani walianzisha Peace Corps mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuwapokea. Wenyewe wanaitwa wa kujitolea lakini wana posho ya kujikimu na wana tiketi ya kurudi. Vijana wetu wa kujitolea wa JKT, jeshi lililoanzishwa mwaka 1963, wale wanaoonekana wakikimbia mchakamchaka kule Bulombora, wana sare, wana kitanda, na kengele ikilia wanakula. Mimi kengele ikilia ni simu ya kunikumbusha ripoti ya mwezi.

Ukitazama vizuri, ukanda wetu umezoea tangu zamani jambo hili la kujitolea mikono mitupu. Mwaka 1871 David Livingstone alifika Ujiji, mgonjwa, amechoka, akitegemea shehena aliyotumiwa, akakuta imeshauzwa yote. Hana nguo za kubadilishana, hana kitu. Aliyekuja kumkuta, Henry Stanley, alikuwa ametumwa na gazeti la New York, ana mapagazi, ana vyakula, ana bendera. Kila mtoto wa shule hapa anajua walisalimianaje chini ya mwembe. Mimi nasoma jambo jingine pale: mtu wa moyo amekaa kibarazani hana kitu, na mtu wa bajeti ameingia uwanjani anaongoza msafara. Ndivyo wageni wa miradi wanavyonikuta mpaka leo. Hushuka kwenye gari, hunipa mkono, tunapigwa picha, nao huniuliza changamoto ninazokutana nazo. Nikisema posho, wanaandika "motisha". Nikisema tena posho, wanaandika "vitendea kazi". Mwisho wanaleta fulana.

Kwa hiyo tarehe 31 Januari 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, ambaye ni mtoto wa mkoa huu huu, wa Buhigwe, alipozindua mpango mpya wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, niliongeza sauti ya redio. Wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke na mwanaume, wakafundishwe miezi sita. Miezi sita! Sisi tulifundishwa mpaka maji ya chupa yalipokwisha. Nilifurahi kwa dhati, na bado nafurahi, kwa sababu kazi hii inastahili mtu aliyesomea. Binti yangu mkubwa ana cheti chake cha kidato cha nne na amekiweka kwenye nailoni akisubiri nafasi za kitongoji chetu. Mwenyekiti kanipa taarifa mapema kwamba yeyote atakayepatikana, mimi ndiye nitakayemzungusha kaya zote azijue, vyoo, wajawazito, mbwa wakali na kile kidumu. Nikauliza kwa malipo gani. Akacheka mpaka akashika mti.

Baada ya hapo nikaandika barua ya kujiuzulu. Nikaipeleka mwenyewe, nimevaa shati, siyo fulana. Mwenyekiti akaisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Ndugu yangu, barua ya kujiuzulu huambatanishwa na barua ya ajira. Yako iko wapi?" Nikatafakari. Sina. "Basi," akasema, "huwezi kutoka mahali ambapo hujaingia. Halafu ukipita, mwambie mama wa nyumba ya tatu kesho ni kliniki."

Nikapita, nikamwambia.

Ombi langu ni dogo, na nawaombea na wenzangu wote wa vitongoji vya mkoa huu. Akibisha hodi mtu mwenye daftari na begi lililochanika mkanda, mpe kiti kwanza, umpe maji ya kunywa, umtajie umri wa kweli wa watoto, na kidumu usiazime, tengeneza chako. Chandarua kikishakauka, kitundike kitandani. Na wewe uliye ofisini unayepanga bajeti ya mwaka ujao, fulana za safari hii tafadhali usilete. Tunazo.